Mechi Zisizohesabiwa

Siku Yaarub alipoleta mafundi wawili wa Kihindi na lori la mabati, Bi Mahfoudha alikuwa juu ya paa la nyumba yake, mjini Ibra, Oman, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga juu ya gauni lake la nyumbani, chupa ya chai miguuni. Ilikuwa mwisho wa Agosti, mwaka 2001. Mbele yake, ng'ambo ya kichochoro, kiwanja cha mpira cha klabu kilikuwa kimemwagiwa maji na vijana walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakijinyoosha viuno. Mechi ya kwanza ya mazoezi kabla ya msimu ilikuwa ianze baada ya sala ya alasiri.

Yaarub alikuwa shemegi yake, mdogo wa marehemu mumewe, tena mjumbe wa kamati ya klabu. Alisimama kwenye uzio wa upande wa nyumba ile, dishdasha imepigwa pasi hadi inang'aa, fimbo mkononi, akawaonyesha mafundi pa kuanzia. Hakuinua uso kumtazama mwanamke aliye juu. Nguzo za chuma zilikuwa zimekwisha kusimikwa tangu wiki iliyopita, ndefu kupita paa la nyumba, na Bi Mahfoudha alikuwa amedhani ni za taa. Sasa alijua. Mpira ulipoanza, mabati yalikuwa yamefunika zaidi ya nusu ya uzio, naye akabakiwa na goli moja tu, la upande wa msikiti. Aliona wachezaji wakija mbio kulielekea, kisha mpira ukigeuzwa nao wakipotea nyuma ya bati kama waliomezwa. Makelele aliyasikia. Firimbi aliisikia. Nani kafanya nini, hakujua.

Hakuteremka. Alikaa pale pale mpaka bati la mwisho likagongwa msumari, akimkodolea macho Yaarub kisogoni, na moyoni akimwombea mambo ambayo hayafai kuombewa ndugu wa mume.

Bi Mahfoudha binti Nasser hakuwa mtu mwepesi kupendeka, na mwenyewe alilijua hilo. Alizaliwa Unguja, Malindi, mwaka 1944, na alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi mambo yalipoharibika. Alitoka na mamake, wakakaa Dar es Salaam, kisha Dubai, mpaka Oman ilipofungua mlango kwa watu wake. Walipokuja, baadhi ya watu waliwapokea kwa mikono miwili na baadhi wakawaita Wazinjibari kwa sauti ya kutema kitu kichungu. Yeye alipelekwa Ibra, hospitalini, kwanza wodi ya wanaume na baadaye ya wazazi. Kiarabu chake kilikuwa cha Kiunguja, na wagonjwa walikicheka. Alijifunza chao haraka, si kwa mapenzi, bali apate kuwajibu.

Hapo Ibra aliolewa na Sleyum, mtu wa mji wenyewe, fundi wa mashine za maji, mpole, mcheshi, asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya "njoo" na "tamu". Ukoo wake haukutaka. Yaarub hakuhudhuria arusi, na alipoulizwa kwa nini, alisema hadharani kwamba nduguye ameoa mtu asiyejulikana kaja na meli gani. Maneno yale yalimfikia bibi arusi kabla hina haijakauka. Hakumwambia mumewe. Aliyaweka.

Sleyum ndiye aliyemrudisha kwenye mpira. Utotoni, Unguja, babake alikuwa akimpeleka Mnazi Mmoja jioni za mazoezi, si siku za mashindano, kwa sababu siku za mashindano zilikuwa na fujo zisizomfaa mtoto wa kike. Alikuwa hajapata kumsimulia mtu habari hizo. Mwaka 1991, walipomaliza kujenga nyumba yao mkabala na kiwanja, Sleyum alipandisha viti viwili juu ya paa akamwita aje apunge upepo. Chini walikuwa wanacheza vijana, nusu yao wamevaa vifulana vya njano juu ya jezi. Alikaa dakika chache, akasema ana sufuria motoni. Hakuteremka mpaka adhana ya magharibi, na wali uliungua.

Tangu hapo ikawa yao. Kila mwaka, joto la kiangazi likianza kulegea na tende zimekwisha kuvunwa, wachezaji waliporudi kutoka mapumzikoni wakiwa wazito na wavivu, mke na mume walipanda na chai na mandazi ya iliki. Msimu wenyewe ukianza, Bi Mahfoudha hakupanda tena. Mechi za ligi hakuzitaka. Ligi, alisema, ni watu kukunjiana nyuso na kuogopa kukosea, na yeye nyuso za kukunjwa anaziona kazini kutwa. Mechi ya mazoezi haihesabiwi na mtu. Kocha anapuliza firimbi katikati ya mchezo, anawashika mabeki mabega na kuwasogeza kama makabati. Aliyetolewa anarudi upande wa pili. Winga anajaribu chenga ambayo kwenye ligi asingethubutu, miguu inamsokota, anakaa chini kwenye majani, na aliyemnyang'anya mpira anamcheka mpaka naye ananyang'anywa. Kila mwaka wapo wapya ambao hakuna ajuaye majina yao, na kwa wiki zile chache kila mmoja wao anaweza kuwa mchezaji hodari kuliko wote waliopata kukanyaga pale. Mabao yakizidi, watu wanasahau ni mangapi. Halafu jua linashuka nyuma ya vilima, maji yaliyomwagwa yanatoa harufu ya udongo, na mpira unaendelea kwa sababu tu hakuna anayetaka kuondoka.

Sleyum alikuwa akisema hovyo muda wote, akiwapa wachezaji majina ya wanyama. Yeye alinyamaza. Walikuwa na mtoto mmoja, Balqis, aliyekwenda kufanya kazi benki Maskati, na wakati mwingine paa lile lilikuwa mahali pekee walipokaa pamoja bila ya kuulizana juu ya kazi, dawa au jamaa.

Sleyum alifariki mwaka 2000, ghafla, akiwa na spana mkononi. Siku ya pili ya msiba, Bi Mahfoudha akiwa ndani na wanawake, alimsikia Yaarub barazani akiwaambia wanaume kwamba sasa nyumba itarudi kwa wenyewe. Yaarub hakujua kwamba Sleyum alikwisha kumpa mkewe nyumba ile hiba, mbele ya kadhi, akiwa mzima na akili zake. Alipojulishwa, alinyanyuka akaondoka msibani bila ya kuaga.

Eda ilipokwisha na Agosti kufika, Bi Mahfoudha alipandisha kiti kimoja. Haikupita wiki Yaarub akagonga mlango. Alikataa kuingia. Walizungumza kizingitini, kwa Kiarabu, wakiitana kwa majina ya watoto wao.

"Umm Balqis, watu wanakuona kule juu."

"Wana macho, Bu Himid."

"Mjane, peke yake, juu ya paa, anatazama wanaume waliovaa kaptura. Aibu hii si yako tu. Ni ya ukoo."

"Wanaume wa mji huu nimewavua suruali nikawachoma sindano miaka na miaka. Wewe mwenyewe nimekuchoma. Hukuutaja ukoo siku ile."

"Ile ilikuwa kazi."

"Na hii ni furaha yangu. Ndiyo inayokukera."

Yaarub aligonga ncha ya fimbo yake chini, polepole. "Paa lile kalijenga ndugu yangu."

"Akanipa mimi," alisema, akafunga mlango.

Mwaka uliofuata ndio ukaja na mabati.

Basi siku ya pili baada ya mabati, Bi Mahfoudha alivaa abaya yake, akawasha gari lake, Korola nyeupe aliyokuwa akiendea kazini kabla ya kustaafu, akazunguka hadi lango la klabu. Mlinzi alimjua, akamfungulia. Aliingia mpaka kwenye mstari wa pembeni, akaegesha gari uso kiwanjani na kuteremsha kioo. Vijana walikuwa wameanza. Kulikuwa na kipa mgeni, mrefu kama mnazi, aliyekuwa akitoka golini kila mara na kila mara akichelewa, na beki wake wa kati alikuwa akimtukania mama kwa upole mkubwa. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, Bi Mahfoudha alisahau kwamba amekuja kugombana.

Kisha Yaarub akatokea upande wa ofisi, akitembea upesi. Hakumwendea yeye. Alimwendea kocha, Mtunisia mwenye kofia, ambaye alimsikiliza, akatikisa mabega na kumpa mgongo. Ndipo Yaarub akamwita nahodha. Nahodha alikuwa Wadhah, kijana wa mtaa wa tatu, ambaye mamake alizalishwa na Bi Mahfoudha mwenyewe. Wachezaji wengine wakasimama, mpira chini ya mguu wa mmoja wao, wakatazama.

Wadhah alikuja hadi dirishani, jasho linamtiririka, macho kwenye kioo cha pembeni, akamwita khala, mama mdogo, kama kawaida ya vijana wa mji.

"Khala, samahani. Wanasema gari haliruhusiwi hapa."

"Nani wanasema?"

"Kamati."

"Kamati ni yule pale mwenye fimbo. Mwambie aje aseme mwenyewe."

"Khala, tafadhali. Nami nataka kucheza mwaka huu."

Alitoa mkono wake dirishani. "Mamako aliukamata mkono huu siku ya kukuzaa mpaka ukafa ganzi," alisema. "Usiku kucha hakuuachia. Leo umekuja kuniambia niondoke."

Kijana aliinamisha kichwa, na Bi Mahfoudha akadhani ameshinda. Lakini Wadhah aliposema tena, alisema yale yale, kwa sauti ya chini zaidi. "Ondoka, khala. Tafadhali."

Hilo ndilo lililomkata. Maudhi ya Yaarub alikwisha kuyazoea. Aliwasha gari, akarudi nyuma kwa kasi hadi akagonga pipa la taka na kulilaza, wala hakusimama kuliinua. Alipokuwa akipita langoni alisikia firimbi ya kocha na miguu ikianza tena kukimbia. Siku iliyofuata lango lilikuwa na mnyororo.

Mwaka ule alikaa ndani na hasira zake. Aliacha kuwasalimu majirani ambao watoto wao walikuwa wakicheza pale. Mamake Wadhah alimletea sahani ya halua kutaka radhi, naye akairudisha ikiwa haijaguswa. Balqis alipokuja wikiendi alimwambia, "Mama, umekuwa mkali kama pilipili. Hama, njoo Maskati." Alijibu kwamba hahami, kwa sababu kuna mtu angesherehekea.

Ilikuwa mwaka wa pili yake, 2002, alipopata akili ya gari. Kiwanja hakikuwa hicho kimoja nchini. Agosti ilipofika alijaza tangi, akapakia kiti chake, chupa ya chai na mandazi, akaenda Sur. Huko hakuna aliyemjua. Alikaa kwenye ukingo wa kiwanja, upepo wa baharini ukimvuruga buibui, akaona winga mnene akimpiga beki tobo, mpira ukipita katikati ya miguu yake, na beki akibaki amesimama akitazama chini kama aliyedondosha funguo. Alicheka peke yake, mdomo wazi, mara ya kwanza tangu Sleyum afe.

Baada ya hapo akawa na mzunguko wake. Sur, Nizwa, vijiji vya Wadi Bani Khalid ambako vijana walicheza kwenye changarawe na kurudi nyumbani magoti yanavuja damu. Mwaka mmoja alifika mpaka Ashkhara, njia ndefu yenye mchanga barabarani, na huko walicheza pekupeku karibu na papa walioanikwa, harufu ikimfanya azibe pua kwa ukaya, mpira ukiwa mtamu hata hivyo. Kila pahala alipata mtu wa kumwambia kwamba mwanamke hakai hapo, na kila pahala alimjibu. Nusu ya utamu, Mungu amsamehe, ulikuwa katika kujibu.

Lakini Birkat al Mauz ndipo alipopapenda zaidi. Kiwanja kilikuwa chini ya mlima, migomba upande mmoja, maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakipita ukingoni kwa sauti ndogo, na wachezaji walipochoka walikwenda kutumbukiza vichwa humo na kurudi wakichuruzika. Alikuwa hapo mwaka 2006, wakati wa mapumziko, Balqis alipompigia simu.

"Shikamoo mama. Ami Yaarub yuko hospitali, Nizwa. Moyo. Anakutaka wewe."

"Marahaba. Ananitaka mimi au anaitaka nyumba?"

"Mama, bas. Mtu mgonjwa huyo. Wewe uko wapi?"

"Birkat al Mauz."

"Si karibu hiyo? Nenda sasa hivi."

"Kipindi cha pili hakijaanza."

Balqis alishusha sauti. Kisha aliuliza, taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto, "Mechi gani?"

"Ya mazoezi."

"Kwani ina maana gani?"

"Haina," alisema Bi Mahfoudha, akakata simu.

Alikaa. Kipindi cha pili kikaanza, na kwa mara ya kwanza hakuona kitu. Macho yalikuwa kiwanjani lakini mbele yake alikuwepo Yaarub, na fimbo yake, na kisogo chake chini ya kofia. Ilimkera kupita kiasi kwamba mtu yule amemfuata hata huku, kwamba hata akiwa kitandani ameweza kumzibia mchezo. Bao lilifungwa, watu wakapiga makofi, hakujua la nani. Angeweza kuondoka. Alibaki mpaka firimbi ya mwisho kwa inda tu, kisha akakunja kiti chake akaenda Nizwa.

Yaarub alikuwa amelala chali, kichwa juu ya mto, waya kifuani, mpira wa hewa puani. Mkewe Kaltham alikuwa pembeni na tasbihi. Bi Mahfoudha aliangalia mashine kabla ya kumwangalia mtu, kwa mazoea.

"Umekawia," alisema Yaarub.

"Nilikuwa na kazi."

"Nataka unisamehe."

"Lipi?"

"Yote."

"Yote si jibu, Bu Himid. Taja."

Kaltham alisema, "Muogope Mungu, Umm Balqis. Mtu huyu huenda akafa leo."

"Hafi leo. Wanaokufa nimewaona wengi. Huyu ana rangi." Akamgeukia tena. "Taja."

Yaarub alifumba macho. "Niliyoyasema msibani. Juu ya nyumba."

"Hayo nimekusamehe. Ulikuwa umefiwa na ndugu."

"Niliyoyasema siku ya arusi."

Hilo hakulitarajia. Miaka yote alidhani yeye peke yake ndiye anayelikumbuka. Akatazama dirishani, akajiona kwenye kioo, mzee, mdomo umekunjamana. "Nayo nimekusamehe," alisema mwishowe.

"Na mabati."

"Hayo, hapana."

"Kwa nini? Hayo ndiyo madogo."

"Ya arusi ulisema kwa sababu hukunijua. Ya msibani kwa sababu ya uchungu. Ya mabati ulikuwa unanijua, na hukuwa na uchungu, ulikuwa unajua kwamba nina kitu kimoja tu kilichobaki, ukaenda kukitafutia mafundi."

Yaarub alifumbua macho. "Nitayaondoa," alisema.

"Yaache. Mimi sikihitaji kiwanja chenu tena."

Aliuona mto umekaa vibaya, unamkunja shingo. Alikinyanyua kichwa chake kwa mkono mmoja, akausawazisha kwa mwingine, bila ya huruma hata chembe, kama anavyopanga shuka. Kisha akamwambia Kaltham amwombee, akatoka. Garini alikaa kidogo kabla ya kuwasha. Aliyosema juu ya mabati yalikuwa uongo. Alikuwa analitaka paa lake kila Agosti, kiti chake na jua lake nyuma ya vilima. Ila hakutaka kupewa na Yaarub, kama sadaka ya mgonjwa.

Yaarub hakufa. Baada ya wiki kadhaa alirudi Ibra, mwembamba, fimbo sasa ikiwa ya kuegemea. Mabati hakuyaondoa. Pengine alishika neno la Bi Mahfoudha, na pengine alipopona alijuta kuomba. Wakikutana njiani alitoa salamu kwa sababu dini inamlazimisha, naye akaijibu kwa sababu hiyo hiyo, kisha kila mmoja akatazama upande wake. Mwaka uliofuata klabu ilihamia kwenye kiwanja kipya nje ya mji, na ndani ya mabati yale pakabaki majani makavu na magoli mawili yasiyo na nyavu. Wadhah hakuwa akicheza tena. Alikuwa na tumbo na duka la simu, na Bi Mahfoudha alinunua kadi za simu kwengine.

Agosti ya mwaka 2007 alikuwa Sur. Goti lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo alilisogeza gari karibu na mstari kuliko kawaida, akaketi kwenye kiti chake mbele ya boneti. Walikuwa wamegawana, jezi na vifulana vya njano, na kocha alikuwa amemweka mshambuliaji golini kwa sababu kipa amechelewa. Mshambuliaji yule alikuwa anaudaka kila mpira kwa namna isiyofaa, kwa magoti, kwa kifua, mara moja kwa uso, na wenzake walikuwa wakimpigia mipira ya mbali makusudi ili wamwone akihangaika.

Bwana mmoja wa makamo, mwenye kitambulisho shingoni, alikuja akasimama mbele yake.

"Mama, hapa si pahala pa wanawake. Na gari hili liondoke."

Bi Mahfoudha aliinamisha kichwa upande, apate kuona nyuma yake. Mpira wa kona ulikuwa umekwisha kupigwa, na yule mshambuliaji alikuwa hewani, mikono yote miwili mbali na mpira.

"Tutazungumza," alimwambia. "Kwanza sogea, unanizibia."